Mgunga wa Ugogo na Majina Yake

Misafara iliyoondoka Bagamoyo katika karne ya 19 kuelekea Unyanyembe na Ujiji ilikuwa na majina yake ya njia, na mengi yalikuwa majina ya kuonya. Msafiri akishapita Mpwapwa na Chunyo lilimkabili pori lisilo na maji, ambalo wasafiri wa Kizungu waliliandika Marenga Mkali. Mshairi wa pwani atatabasamu akijua kwamba kwa Mgogo malenga si mtunzi wa mashairi, bali ni maji. Na malenga makali ni maji ya chumvi, yasiyokata kiu. Mbele ya pori hilo palianza Ugogo penyewe, nchi ya hongo, ambako kila mtemi alidai haki yake ya nguo, ushanga na waya kabla ya kuruhusu mizigo ipite na ndoo zishuke kisimani. Na baada ya Ugogo, upande wa magharibi, lilikuja pori refu zaidi, Mgunda Mkali, ambalo Richard Burton alilifasiri kuwa ni shamba la moto.

Burton na mwenzake John Speke walipita huko mwezi wa Septemba na Oktoba 1857, wakaingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Katika kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860, miiba hutajwa mara kwa mara: miiba inayochana nguo, miiba inayokatwa jioni na kuzungushiwa kambi. Msomaji akimaliza kurasa hizo anabaki na picha ya nchi nzima yenye mwiba mmoja mkubwa. Mti hasa haonyeshwi.

Lawama si ya Burton peke yake. Mpagazi wa Mrima aliyekanyaga njia ile kwa makubadhi au kwa miguu mitupu naye alikuwa na neno moja tu la kuikusanya miti ile yote: mgunga. Neno hilo ni zuri, lina uzito mdomoni na lakaa vyema katika mizani. Lakini ni neno la mtu apitaye. Kwalo huitwa mti wa gome jeusi na mti wa gome la manjano, wenye maua meupe na wenye maua ya rangi ya dhahabu, utoao gundi na usiotoa, na hata ule ambao mchwa na chungu hawausogelei na ule ambao chungu ndio wenyeji wake. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa kituo cha Amani, alipokusanya kamusi yake ya majina ya Kiswahili ya mimea, iliyotoka kwa mara ya pili mwaka 1940, kazi yake kubwa ilikuwa ni hiyo hiyo ya kuonyesha jina moja linavyobeba miti mingi, na mti mmoja unavyobeba majina mengi. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa mwaka 1939, alikuwa na bahati ya kuwa mwanaleksika na mkusanyaji wa mimea kwa pamoja, na wapenzi wa lugha wanaomwendea kwa ajili ya maneno ya kale ya ushairi huenda hawajui ni kiasi gani mtu huyo alivyokuwa akitazama majani.

Basi mgunga wa Ugogo, ule unaosimama kama mwavuli uliofunguliwa juu ya uwanda wa Dodoma, ni upi?

Mwenye kutaka kuujua na aanze na miiba, kwani ndiyo iliyomtisha kila mtu. Miti mingi ya ukoo huu ina mwiba wa namna moja: ama iliyonyooka ama ya kulabu. Huu una yote mawili, na mara nyingi katika tawi moja. Mahali pamoja hutoka jozi ya miiba mirefu, myeupe kama mfupa, iliyonyooka, ambayo yaweza kufika sentimita 8. Hatua ndogo mbele yake hutoka jozi ya miiba mifupi ya rangi ya kahawia, iliyopinda kama kucha za paka, isiyofika hata sentimita moja. Ule mrefu huchoma, huu mfupi hushika. Aliyenaswa na kanzu yake anajua kwamba ni huu mdogo usiomwachilia.

Kisha atazame ganda la mbegu. Hili ndilo lenye hoja isiyopingika. Maganda ya migunga mingine hunyooka kama ya kunde, au hujipinda kidogo kama mundu. Ya huyu hujisokota mzunguko juu ya mzunguko, kama ukili uliolegezwa baada ya kusukwa, au kama hirizi ya waya iliyofunguliwa. Ndiyo sababu wataalamu waliuita kwa neno la Kilatini tortilis, lenye kusokotwa. Na lile tawi lake la Afrika ya Mashariki wakalipa jina la pili, spirocarpa, lenye tunda la mzunguko. Maua ni vijitufe vyeupe vyenye kuelekea rangi ya maziwa, vyenye harufu nzuri na nyuki wengi. Majani ni ya kupasuka mara mbili, na vijani vyake ni vidogo mno, havifiki nusu sentimita, hata kivuli chake kinakuwa cha chekecheke: jua hupungua lakini haliondoki, na nyasi huota chini yake mpaka shinani. Gome ni la kijivu lenye kuelekea weusi, lenye mifereji. Ukipata maji ya chini, mti huweza kufika mita 20. Pakavu hubaki mfupi, umetanda kuliko ulivyosimama.

Walio jirani zake hutambulikana kwa kile wanachokosa. Mgunga wa gome la unga, wa kijani kibichi au wa wekundu wa kutu, wenye maua ya manjano, ni seyal, na hupenda udongo mzito. Wenye gome jeusi na maganda yaliyobanwa kati ya mbegu na mbegu, mfano wa shanga zilizotungwa, ni nilotica. Ule mfupi wa mbugani, wenye miiba iliyovimba chini kama vibuyu vyeusi na chungu wakaao ndani, ambao upepo ukipita matunduni hulia kama filimbi, ni drepanolobium. Kikwata ana kulabu tupu, jozi kwa jozi. Na mtoa gundi aitwaye senegal ana miiba mitatu mitatu, miwili ikitazama juu na mmoja chini. Upo pia mkulagembe, ambao jina lake latosha: ndio ulao jembe. Mwiba wake si mwiba wa kuzaliwa, ni kitawi kilichochongoka, na mara nyingine huonekana majani yametoka ubavuni mwake.

Hapo pana jambo dogo la kustahili kusemwa. Mti wa miiba ambao Mwingereza aliuacha kwao, ule wa ua la shamba wauitao hawthorn, nao mwiba wake ni kitawi kilichochongoka, na ukoo wake ni ule wa mawaridi na matofaa. Miiba ya mgunga haina asili hiyo. Ni vile vijani viwili vidogo ambavyo katika mimea mingine hukaa chini ya kikonyo cha jani, vilivyogeuka kuwa silaha. Alipoandika neno lake moja la mwiba, msafiri aliunganisha miti ambayo haikujuana tangu kuumbwa.

Wagogo hawakuwa na haja ya neno la jumla. Mti huu wauita mkungugu. Jina hili halikuingia katika Kiswahili cha pwani, na hasara ni ya Kiswahili. Mchungaji wa mbuzi anayesema mkungugu anasema kwa mara moja ganda lililosokotwa, msimu wa kiangazi ambao ganda hilo huanguka, na chakula cha mifugo wakati nyasi zimekwisha. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kutoka Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani mvua hiyo haifiki milimita 600 kwa mwaka. Katika miezi inayobaki, mti unaodondosha chakula wenyewe si mti wa kuitwa kwa jina la wote.

Lakini jina la mti huu limetembea zaidi ya huko, na njia yake yapita katika masikio ya watu wa visiwani bila ya wao kujua. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume na masahaba wake walipozuiwa Hudaybiya wasiingie Makka, walifungamana naye chini ya mti, na fungamano hilo limetajwa katika Suratul Fat'h. Kila aliyesoma chuoni analijua. Qur'ani inasema mti tu. Ni katika riwaya ya Jabir bin Abdillahi, iliyomo katika Sahihi Muslim, ndimo inamosemwa kuwa mti ule ulikuwa samura. Samura, au samri kama wasemavyo Waomani, wataalamu wa mimea ya Bara Arabu huuweka kuwa ni huu huu wa ganda lililosokotwa. Tofauti iliyopo kati ya ule wa Hijazi na Omani na huu wa Ugogo ni ya matawi ya spishi moja: upana wa ganda, unyoya wake, umbo la shina. Asali ya samri, nyeusi na yenye ukali kidogo, ni ya fahari katika meza za Maskati hadi leo. Yasimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar, alipoona watu wanauendea mti wa Hudaybiya kuuswalia, aliamuru ukatwe.

Mwarabu wa Omani aliyefuata pembe hadi Ugogo, basi, akalala chini ya mkungugu karibu na kisima cha mtemi, alilala chini ya mti wa kwao. Kama aliutambua, hakuna aliyeandika. Masimulizi ya safari yaliyobaki kwa Kiswahili, ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na yale aliyoyakusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, ni masimulizi ya watu, bei na vita. Miti ndani yake ni kuni na boma.

Wakristo nao wanao mti huu kwa jina jingine tena. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, Sanduku la Agano hujengwa kwa mti wa mshita. Neno hilo lilichukuliwa kutoka Kiebrania likavalishwa kiambishi cha Kibantu, na migunga ya jangwa la Sinai, huu wa tortilis ukiwa miongoni mwake, ndiyo ambayo wengi hufikiri kuwa ilikusudiwa. Huenda mfasiri aliona mgunga ni jina dogo kwa kazi kubwa kama ile. Matokeo yake ni kwamba Mkristo wa Mvumi au wa Kongwa husoma kanisani habari za mshita, kisha akatoka nje akafunga baiskeli yake kwenye mkungugu, na mti ni ule ule au ndugu yake wa karibu.

Aliyeuandika kwanza kwa utaratibu wa sayansi ni kijana wa Kiswidi mzaliwa wa Helsinki, Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus. Alikwenda Yemeni na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Alijifunza Kiarabu, akawa akiandika majina ya Waarabu kando ya majina yake ya Kilatini, adabu ambayo wengi waliomfuata hawakuwa nayo. Alikufa kwa malaria huko Yarim mwezi wa Julai 1763, kabla ya kutimiza miaka 32. Katika wenziwe wote alirudi mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Humo mgunga wetu unaitwa Mimosa tortilis. Mwaka 1825 Mjerumani Hayne akauhamishia katika jenasi ya Acacia, na kwa jina hilo, Acacia tortilis, ulijulikana kwa karibu miaka 180, katika vitabu vya shule na vya misitu vya Tanganyika na baadaye Tanzania.

Kisha jina likaondoka. Acacia ni neno la Kiyunani la kale lililohusishwa na mti wa Misri, na kielelezo cha jenasi hiyo kilikuwa ni ule mgunga wa gome jeusi wa bonde la Nile. Walipopima upya nasaba za miti hiyo, wataalamu waliona kwamba kundi lile kubwa halikuwa ukoo mmoja na lilipaswa kugawanywa. Desturi ilitaka jina libaki na kielelezo chake, yaani Afrika. Lakini Australia ilikuwa na spishi karibu elfu moja za kubadilishwa, na mwaka 2005, katika kongamano la wataalamu wa mimea lililofanyika Vienna, pendekezo la kuhamishia jina kwa mti wa Australia lilifika mezani. Waliolipinga walikuwa asilimia 54.9 ya kura. Hazikutosha, kwani kanuni ilidai asilimia 60 ili kulitangua. Walio wachache wakashinda, na kongamano la Melbourne la mwaka 2011 likathibitisha. Hivyo neno lililozaliwa na mti wa Kiafrika halitumiki tena, kisheria, kwa mti wowote wa asili ya Afrika wa ukoo ule.

Migunga ikagawiwa majina mawili ya akiba. Yenye miiba ya jozi iliyotokana na vijani vya chini ya kikonyo na maua ya vitufe ikawa Vachellia. Yenye kulabu za gome na, aghalabu, maua marefu kama mkia, kikwata na mtoa gundi wakiwamo, ikawa Senegalia. Kwa hiyo tangu mwaka 2008 mkungugu ni Vachellia tortilis. Na huyo Vachell ni nani? Ni kasisi wa Kiingereza, George Harvey Vachell, aliyewahudumia wafanyabiashara wa Kampuni ya Mashariki ya Uhindi huko Uchina na kukusanya mimea ya huko. Jenasi ilipewa jina lake mwaka 1834. Mti wa Ugogo sasa unaitwa kwa jina la padri wa Uchina. Sayansi ina sababu zake na kanuni zake, na kugawanya ukoo ule kulikuwa ni haki. Lakini katika habari hii nzima si rahisi kuona ni wapi aliulizwa anayeishi nao.

Mmoja katika wataalamu wa kikoloni alikuwa na mwendo mwingine. Bernard Dearden Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o, ambayo makao yake yalikuwa Shinyanga, na miaka ya 1920 na 1930 alizunguka sana Kondoa, Dodoma, Manyoni na Itigi. Alielewa kwamba mti katika uwanda wa kati hukaa bila ua wala jani kwa nusu ya mwaka, na mtu asiyeweza kuutambua wakati huo hawezi kuutambua kabisa. Kwa hiyo aliandika kitabu cha kutambulia miti porini kwa gome, kwa mwiba, kwa umbo la tawi, vile vile anavyotambua mchungaji. Hakukiona. Aliuawa katika ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkuu wake, Swynnerton, na sehemu ya kwanza ya kitabu ikachapwa Dar es Salaam mwaka 1939.

Burtt ndiye pia aliyelieleza vizuri lile pori la Itigi, ambalo njia ya Mgunda Mkali ilipita katika nchi yake. Na hapa historia ina mzaha wake: kichaka kile kizito, kilichofungamana urefu wa mita tatu hadi tano hata mtu hawezi kupenya bila panga, miiba yake ni michache. Ni vichaka vya matawi laini yaliyosongamana, na mmoja katika hivyo, uliotangazwa mwaka 1931, uliitwa Burttia prunoides, yaani wa Burtt, wenye kufanana na mplamu wa Ulaya. Miiba iko Ugogo, kwenye uwanda ulio wazi ambako mtu angeweza kupita akitazama mbele. Msafiri aliyechoka aliichanganya nchi mbili katika kumbukumbu moja.

Kosa la kuichanganya nchi lilikuja kulipiwa kwa fedha nyingi miaka michache baada ya kifo cha Burtt. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga. Walikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa katika ndege. Kutoka juu, pori la Kongwa, mashariki ya Dodoma, lilionekana tupu na tambarare. Mpango uliidhinishwa: zaidi ya eka milioni 3 zisafishwe, nyingi zake Tanganyika. Mwaka 1947 mashine zikaanza kushuka. Matrekta yaliyochakaa katika vita vya Pasifiki, vifaru vilivyogeuzwa matrekta, minyororo ya nanga za meli iliyovutwa kati ya mashine mbili ili kulaza miti.

Kulaza kilikuwa ndicho kitu chepesi. Mti wa nchi kavu hauna nusu yake juu ya ardhi. Mkungugu huteremsha mzizi kufuata maji ya chini na kutandaza mingine pembeni mbali kuliko kivuli chake, na vichaka vinavyoufuata vimefungamana chini kama vilivyofungamana juu. Shina likikatwa mizizi hubaki, na ilikuwa hiyo mizizi iliyovunja majembe ya chuma. Udongo nao ulikuwa na mchanga mkali uliosaga vyuma wakati wa kulima, na kiangazi ukakauka ukawa kama sakafu, karanga zikabaki ndani. Mvua haikufuata hesabu ya London. Mwezi wa Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango, na hasara iliyofutwa ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Ardhi ya Kongwa ikarudi kwa ng'ombe, na ranchi iliyokuja kuwa ya taifa ipo hapo hadi leo.

Imesemwa sana kwamba walioshindwa Kongwa hawakujua kilimo. Pengine haki ni kusema kwamba hawakujua miti. Pori la mkungugu na mbuyu ni habari iliyokwisha andikwa juu ya mvua ndogo isiyoaminika na maji yaliyo mbali chini, na wapo Wagogo waliokuwa wakiisoma habari hiyo kila siku. Nao walikuwa wamekwisha lipa kwa namna yao. Katika njaa kuu ya 1917 hadi 1920, waliyoiita Mtunya, majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua ikakatika, na watu wakabaki na pori.

Katika mwaka wa kwanza wa njaa hiyo, mwezi wa Novemba 1917, alizaliwa Ihumwa, mashariki kidogo ya mji wa Dodoma, Mathias Mnyampala. Wapenzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa ni nani: mtunzi wa diwani, mwenyekiti wa UKUTA, mtu aliyeipa ngonjera sura yake ya kitaifa, aliyefariki mwaka 1969. Lakini husahaulika visiwani kwamba bingwa huyu wa arudhi, ambayo wengi huihesabu kuwa ni mali ya pwani, Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili, na kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa na malenga wawili kinywani mwake, wa tungo na wa maji.

Ihumwa hiyo leo iko jirani na Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa nusu usingizini kwa zaidi ya miaka 40, kisha tangu 2016 ukaamka kwa kasi. Mwaka huo huo wa 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu vilima vya Kondoa vilikuwa vimechimbika makorongo. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi, na uoto ukarudi wenyewe, migunga ikiwamo, pasipo kupandwa. Katika mji, hata hivyo, mti wa kupandwa ulikuwa mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi. Una sifa zake: haukatai ukame, hauna miiba, kivuli chake kimejaa. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilipozinduliwa mwaka 2017, mkungugu ulikuwa umesimama katika viwanja hivyo hivyo vilivyokuwa vikipimwa, na katika viwanja vingi ulikatwa kwanza, ukawa mkaa, kabla ya miche kuletwa kwa gari. Mkaa wake ni mzuri. Huwaka kwa muda mrefu, na hilo halikuusaidia.

Mbegu ya mkungugu ina ganda gumu ambalo maji hayapenyi kwa urahisi, na wadudu wapekechao huziharibu nyingi zikiwa bado katika maganda yake. Zinazopita tumboni mwa mbuzi hutoka zimelainika na zimelala katika samadi. Watafiti waliofanya kazi Turkana, kaskazini ya Kenya, waliandika mwaka 1995 kwamba miche ya mti huu iliota kwa wingi ndani ya mazizi yaliyohamwa kuliko nje yake. Ugogo una mahame mengi, na mengine yana tarehe, kwa kuwa katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 watu walitolewa katika matembe yao na kupelekwa vijijini. Matembe ya udongo yalianguka katika mvua chache zilizofuata. Ua la matawi ya miiba lilioza likaisha. Palipolala mbuzi samadi ilibaki, na ndani yake mbegu.